Je, wajua? Udongo unaozuia maji kwenye mahandaki ya taka za nyuklia unaiachiaje gesi ipite

Watu wengi wakisikia taka za nyuklia zinazikwa chini sana ardhini swali lao la kwanza ni maji, kwamba je maji yakifika kule yakazibeba zile sumu yakaja nazo juu itakuwaje, na ni swali sahihi kabisa. Ila kuna swali lingine halisikiki sana na wanaofanya hii kazi limewakosesha usingizi miaka mingi: kule chini kuna gesi inatengenezwa, na hizo taka zimezungushiwa udongo ambao kazi yake yote ni kutopitisha kitu, sasa hiyo gesi inaenda wapi? Ikikosa pa kutokea si itajikusanya mpaka ipasue kila kitu?

Jibu fupi ni kwamba gesi inapita, ila haipiti kwenye matundu ya udongo kama tunavyodhani, inaufumbua udongo kidogo halafu udongo unajifunga nyuma yake. Jibu refu ndo lenye utamu, twende nalo.

Tuanze na kinachozikwa. Fueli ya nyuklia ikishatumika kwenye mtambo inabaki na mionzi kwa muda mrefu mno, tunaongelea miaka laki moja na zaidi, kwa hiyo nchi kadhaa zimeamua kuichimbia mahandaki mita mia kadhaa chini. Finland ndo wako mbele ya wote, handaki lao linaitwa Onkalo, liko Olkiluoto, kina chake ni mita kama 430 ndani ya mwamba mgumu. Sweden serikali yao ilitoa kibali Januari 2022 wajenge la kwao Forsmark, Uswisi mwaka huohuo wakatangaza eneo la Nördlich Lägern, na Ufaransa wana mradi wa Cigéo karibu na kijiji cha Bure, mita kama 500 chini. Hawa wawili wa mwisho mwamba wao wenyewe ni udongo, yaani udongo wa kale ulioshindiliwa na uzito wa miamba ya juu yake mpaka ukawa karibu jiwe. Lakini mwamba uwe wa aina gani, shimo ulilolichimba wewe mwenyewe lazima ulizibe, na cha kuzibia ambacho karibu wote wamekubaliana ni udongo unaoitwa bentonaiti.

Bentonaiti ni majivu ya volkano ya zamani yaliyogeuka udongo, na ile inayojulikana zaidi kwenye majaribio inatoka Wyoming huko Marekani. Ndani yake imejaa madini ya montmorilonaiti, ambayo ukiyaangalia kwa karibu sana ni vigamba vyembamba vilivyolaliana, kila kimoja kina unene wa nanomita 1 hivi, yaani unahitaji kama milioni moja kutimiza milimita 1. Kila kigamba kina chaji hasi, katikati yao kuna ayoni, yaani atomu zenye chaji, za sodiamu au kalsiamu, na hizo ayoni zinavuta maji kwa nguvu sana. Maji yakija yanajipenyeza kati ya vigamba, vigamba vinaachana, udongo unavimba. Ukiuachia nafasi unavimba mara kadhaa ya ukubwa wake, ila ukiubana ndani ya shimo la mwamba ambapo hauna pa kwenda basi nguvu yote ile inageuka presha, na kwa jinsi Waswidi na Wafini wanavyoushindilia kuzunguka makasha yao ya taka hiyo presha ya kuvimba inaweza kufika megapaskali 7 au 8. Megapaskali 1 ni karibu mara 10 ya presha ya hewa tunayovuta, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe udongo unavyolikumbatia lile kasha.

Faida yake ni kwamba nyufa zote zinazibika zenyewe na maji karibu yanagoma kabisa kutembea. Uwezo wa bentonaiti iliyoshindiliwa kupitisha maji ni kama mita moja iliyogawanywa mara trilioni 10 kwa sekunde, na hata presha ya maji ikiwa inashuka mita nzima ya kina cha maji kwa kila mita ya udongo, ambayo kule chini ni mwinuko mkubwa kupita kawaida, maji yanayovuka kwa mwaka mzima ni tabaka la mikromita 3, yaani milimita 0.003. Miaka milioni moja, mita 3. Ndo maana wanaupenda.

Sasa gesi inatoka wapi? Inatoka kwenye kutu. Tumezoea kutu inahitaji hewa, na kweli hewa inayobaki humo baada ya kufunga inaliwa haraka tu na chuma, madini na bakteria. Ila oksijeni ikiisha chuma hakiachi kushika kutu, kinabadilisha mbinu, kinanyang'anya oksijeni kutoka kwenye maji yenyewe. Atomu 3 za chuma zinachukua molekuli 4 za maji, zinatengeneza magnetaiti ambayo ni kutu nyeusi ile ya sumaku, na zinaachia molekuli 4 za haidrojeni. Kilo 1 ya chuma ikiisha yote kwa njia hii inatoa haidrojeni kama lita 530 kwa presha ya kawaida. Kilo moja tu, na kule ndani kuna tani kwa tani za chuma, kuna makasha, kuna nondo, kuna nyavu za kushikilia mwamba.

Kinachosaidia ni kwamba inaenda polepole. Tuchukue kwa mfano kutu inayokula mikromita 2 kwa mwaka, basi mita moja ya mraba ya chuma inatoa lita 8 na ushee za haidrojeni kila mwaka, na ukiishusha hiyo gesi mita 450 chini ambapo maji peke yake yana presha ya megapaskali 4.5 inabanwa mpaka inakuwa chini ya robo lita. Kwa mwendo huo chuma cha sentimita 10 kinachukua miaka 50,000 kuisha. Kwa hiyo usipige picha ya mlipuko, piga picha ya kitu kinachojaza taratibu kwa maelfu ya miaka bila kupumzika hata siku moja.

Kuna vyanzo vingine pia. Mionzi inavunja maji ikatoa haidrojeni, kwenye taka za mionzi ya chini zenye karatasi, plastiki na vitambaa bakteria wanakula wanatoa methani na kaboni dioksaidi, na atomu zinazotoa chembe za alfa zinatengeneza heliamu. Lakini kwenye miradi yenye chuma kingi haidrojeni ya kutu ndo inayobeba sehemu kubwa.

Gesi ikiwa kidogo haina shida. Inayeyuka kwenye maji yaliyomo kwenye udongo halafu molekuli zinasambaa moja moja kuelekea nje ambako ni chache zaidi, kimyakimya, na molekuli ya haidrojeni ni ndogo sana kwa hiyo hapo iko vizuri. Tatizo ni kwamba huu mwendo una kikomo. Maji yanabeba gesi kiasi fulani tu na udongo unaisambaza kwa kasi fulani tu, na kama kutu inazalisha zaidi ya kinachoweza kusambaa, maji ya karibu na kasha yanashiba, gesi inaanza kusimama yenyewe kama mfuko wa gesi, na presha inaanza kupanda.

Hapa ndo wataalamu wenyewe walibishana muda mrefu, na mimi naona ndo moyo wa hili suala zima.

Mawazo ya zamani yalitoka kwenye mafuta na maji ya visima. Kwenye mchanga au mwamba wenye matundu gesi inapita kwa kuyasukuma maji yatoke kwenye tundu ikae yenyewe, na presha inayotakiwa inategemea upana wa tundu kwa sababu ile ngozi ya juu ya maji inakataa kupinda sana. Tundu lenye nusu kipenyo cha mikromita 10 linahitaji megapaskali 0.014 tu, si kitu. Shuka mpaka nanomita 10 unahitaji megapaskali 14. Sasa kwenye bentonaiti iliyoshiba maji sehemu kubwa ya maji iko katikati ya vigamba, nafasi ya nanomita 1 hivi, na ukilazimisha hesabu ileile unapata zaidi ya megapaskali 100, namba ambayo kule chini haipo, mwamba wote wa mita 500 ulioko juu unabonyeza kwa megapaskali 12 au 13 tu. Halafu hayo maji hata si maji huru, yameshikwa na ayoni na vigamba, ni sehemu ya udongo wenyewe. Kwa maana nyingine kabla gesi haijafanikiwa kulitoa tone moja la maji kwenye makao yake, udongo wenyewe utakuwa umeshasogea.

Na ndicho kilichoonekana maabara. Watafiti wa British Geological Survey, taasisi ya jiolojia ya Uingereza, Horseman na Harrington, pamoja na mwenzao wa Sweden Sellin, mwaka 1999 waliweka wazi hoja hii baada ya miaka ya kupima. Jaribio lenyewe ni la subira kweli kweli: unachukua kipande cha udongo cha sentimita chache, unakifungia kwenye chombo cha chuma kinene, unakinywesha maji mpaka kishibe, halafu unasukuma gesi upande mmoja kwa kasi ndogo mno ukiangalia presha. Presha inapanda. Inapanda. Upande wa pili hakitoki kitu, siku zinapita, wiki zinapita, bado hakitoki kitu. Ikikaribia jumla ya presha ya kuvimba ya udongo na presha ya maji yaliyomo, ghafla gesi inatokea upande wa pili, presha inaporomoka, halafu inatulia kwenye kiwango fulani huku gesi ikiendelea kutiririka. Ukizima pampu presha inashuka, lakini haishuki mpaka mwisho, inafika mahali inagoma kwa sababu njia zimejifunga zikiwa bado na gesi ndani yake. Na ukitoa kile kipande ukakipima unakuta maji yake karibu yote bado yamo! Gesi imepita na maji hayajatoka, hicho ndo kitu ambacho nadharia ya matundu haiwezi kukieleza vizuri.

Njia zenyewe ziliwahi kuonekana pia. Vipande vilivyotoka kwenye jaribio walivitumbukiza kwenye glisarini ya moto, na mapovu yakaanza kutoka, ila si kila mahali kama ingekuwa gesi imejaa kwenye matundu yote, yalitoka kwenye vidoa vichache na mistari michache tu, kwingine kote udongo ulikuwa kama haujaguswa. Na kwenye udongo wa Boom wa Ubelgiji, ule wanaoufanyia utafiti kwenye maabara ya HADES pale Mol mita 225 chini, walisukuma gesi ikiwa na chembe ndogo za nanomita halafu wakazitafuta kwa darubini ya elektroni, wakazikuta zimejipanga kwenye nyufa ambazo gesi ilizifungua. Ni kama kurasa za kitabu kilicholowa, hupati njia ndani ya karatasi, unapata njia pale kurasa mbili zinapokubali kuachana.

Kwa hiyo presha ya kuanza kupita haiamuliwi na udogo wa matundu, inaamuliwa na jinsi udongo ulivyobanwa, na hii inabadilisha kazi ya mhandisi kabisa. Angalia hesabu hii: presha ya maji kwenye mita 500 ni kama megapaskali 5, weka presha ya kuvimba megapaskali 7, jumla 12, na uzito wa mwamba wote wa juu nao ni 12 au 13. Yaani ukisema ushindilie udongo zaidi ili uwe imara zaidi unaweza kufika mahali ambapo gesi ikitafuta pa kutokea mwamba ndo unakuwa dhaifu kuliko udongo, na mwamba ukipasuka haujirudi kirahisi. Ukiulegeza udongo nao kuna gharama yake, maji yanaanza kupita, na bakteria wanaotengeneza salfaidi inayokula shaba, ile ya ganda la nje la makasha ya Sweden na Finland, wanapata nafasi ya kuishi, maana kwenye bentonaiti iliyobanwa sana wanashindwa. Kuna dirisha katikati hapo na mhandisi lazima abaki ndani yake.

Vipande vya sentimita chache haviwezi kumtuliza mtu anayezika kitu cha tani zaidi ya 20, kwa hiyo Sweden kwenye maabara yao ya Äspö, mita 420 chini, wakaanzisha jaribio linaloitwa Lasgit mwaka 2005. Waliweka kasha la shaba la ukubwa halisi ndani ya shimo halisi, bila taka, wakalizungushia pete za bentonaiti, na kwenye ngozi ya kasha wakaweka vichujio vya kutolea gesi ili iwe kama kasha limetoboka mahali fulani. Kuunywesha udongo maji peke yake kulichukua miaka, na lilikuja kuendelea zaidi ya muongo mmoja. Picha iliyotoka ililingana na ya maabara: gesi ilianza kupita presha yake ilipokaribia mkazo wa mahali husika, presha ikaporomoka, na sensa za kuzunguka shimo zikaonyesha udongo unasogea gesi inapopita. Ila kuna kitu ambacho kipande kidogo hakionyeshi, kwenye shimo kubwa mkazo hauko sawa kila mahali, kuna sehemu zimebanwa kuliko nyingine na kuna maungio kati ya pete na pete na kati ya udongo na kasha, na gesi inatafuta udhaifu. Kwa hiyo unaweza kusema kwa uhakika fulani itatoka kwenye presha gani, lakini ukiulizwa itatokea upande gani wa shimo, hapo ngumu.

Uswisi wao wameshika njia nyingine ambayo binafsi naipenda sana. Wao makasha yao waliyoyapangia kwa miaka mingi ni ya chuma, gesi itakuwa nyingi, basi badala ya kungoja gesi ijichagulie wakafikiria kuitengenezea mlango. Kwenye vizibo vya mahandaki unachanganya mchanga asilimia 80 na bentonaiti asilimia 20. Mchanga unaacha nafasi pana kiasi ambazo gesi inapita kwa presha ndogo, bentonaiti inavimba ndani ya nafasi hizohizo inayabana maji. Kizibo kinakuwa kigumu kwa maji na chepesi kwa gesi, na gesi inafuata mahandaki yaliyojazwa ikisambaa kwenye eneo kubwa, badala ya kukusanyika sehemu moja na kuanza kusumbuana na mwamba wa Opalinus, ule udongo wa kale wa Uswisi, ambao ndo ngao kuu. Wamelijenga hilo kwa ukubwa halisi kwenye maabara ya Grimsel ndani ya milima ya Alps, jaribio linaitwa GAST, na kizibo kimechukua miaka mingi kushiba maji.

Mtu atauliza sasa hiyo gesi ikitoka si inatoka na mionzi? Sehemu kubwa ni haidrojeni ya kawaida kabisa, haina mionzi. Anayeangaliwa kwa makini ni kaboni-14, ambayo inaweza kuwemo kwenye methani kidogo, na inachukua miaka 5,730 kupungua nusu. Tritiamu nayo ipo lakini inapungua nusu kila miaka 12 na kidogo, kwa hiyo ikicheleweshwa karne chache tu imeisha yenyewe. Wasiwasi mwingine ni gesi kusukuma maji yenye uchafu mbele yake, na hapa ile tabia ya udongo kufumbuka inakuwa msaada mkubwa, kwa sababu gesi inayopita bila kuyatoa maji kwenye makao yake haibebi maji mengi kwenda nayo.

Kinachobaki kigumu ni hesabu za kompyuta. Modeli nyingi zinazotumika zilizaliwa kwenye ile nadharia ya matundu, unaweza kuzirekebisha zikatoa wastani unaofanana na kipimo, ila haziwezi kukuambia njia itafunguka lini hasa na wapi, na Umoja wa Ulaya umewahi kuwakusanya watafiti wa nchi mbalimbali kwa ajili ya hii gesi, kwanza kwenye mradi wa FORGE kuanzia 2009, halafu kwenye EURAD kuanzia 2019. Wengi wanaona huhitaji kujua kila ufa uko wapi, unahitaji kujua presha ya juu kabisa itakayofikiwa na kama udongo utajifunga baadaye, na mimi nakubaliana nao.

Halafu kuna kitu kimoja wanaopiga hesabu za hofu wanakisahau. Hesabu zote hapo juu zinachukulia chuma kina maji ya kutosha wakati wote, ila ile kutu inakula maji, kilo 1 ya chuma inamaliza gramu 430 hivi za maji, na maji yenyewe yanakuja kupitia udongo uleule ambao karibu haupitishi kitu. Na kwenye shimo ambalo halijashiba bado, gesi ikijaa kuzunguka kasha inayasogeza mbali yale maji machache yaliyokuwa yanakuja, chuma kinabaki na unyevu kidogo, kutu inapunguza kasi, na gesi nayo inapungua mpaka maji yarudi.